Kidonge Kimoja, Mapasa Wawili

Asubuhi kwetu Kashebere huanza na jina moja: Elodie. Kabla sijatoa mguu kitandani nimekwisha kulisikia kwa mama yake, kwa baba yake na kwa Koko. Elodie amemwaga maji. Elodie ameacha mlango wazi, mbuzi yuko jikoni. Elodie alitumwa kuomba chumvi kwa jirani, amerudi bila chumvi, ana mjusi mkononi.

Mimi ni Jeannette. Ninauza makayabo, samaki wakavu wa chumvi, na sabuni kando ya barabara, pale malori yanaposimama yakitoka Masisi kwenda Walikale. Elodie ni mtoto wa kaka yangu Hakorimana. Tunaishi uwanja mmoja: kaka na mke wake katika nyumba hii, mimi na mama yetu katika nyumba ile. Mama yetu amezeeka, watoto wanamwita Koko, na sisi wote tumezoea kumwita hivyo. Mke wa kaka yangu anaitwa Epiphanie, lakini jina hilo limebaki kanisani tu. Tangu alipozaa mapasa, watoto pacha, kila mtu anamwita Mama Mapasa.

Mapasa wenyewe ni Elodie na ndugu yake Manzi. Wana miaka tisa. Manzi ni mtoto wa kumweka mahali ukamkuta palepale. Elodie hawekeki. Siku moja nilimwacha alinde meza yangu nikaenda kuteka maji. Niliporudi, mlinzi wa makayabo alikuwa mbwa. Elodie alikuwa amemfuata mtu wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ili aone gurudumu linavyozunguka. Nilipomuuliza, alilia kwa uchungu, akasema alisahau. Na kweli alikuwa amesahau. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Mtoto mbaya unajua la kumfanya. Huyu alikuwa na moyo mzuri, na bado alitumaliza nguvu.

Shuleni kulikuwa vilevile. Direkta, mkuu wa shule, alimwita kaka yangu akamweleza yote. Mtoto anasimama katikati ya somo. Anajibu kabla ya swali kuisha. Anapoteza kalamu kila siku, na hamalizi hata zoezi moja. Kama mambo hayatabadilika mpaka mwisho wa trimestri hii ya masomo, Elodie atafutiwe shule nyingine. Shule nyingine iko ng'ambo ya mlima, na njia yenyewe hakuna mzazi mwenye akili timamu anayempitisha mtoto huko. Kumfukuza ilikuwa ni kumrudisha nyumbani moja kwa moja.

Aliyetusaidia ni Evode, muganga wa kituo cha afya. Yeye ni nesi, lakini kwetu kila anayevaa koti jeupe ni muganga. Alisema kuna docta wa magonjwa ya akili anayekuja hospitali ya Masisi, tumpeleke mtoto huko. Kaka yangu aliposikia neno akili alikasirika, akasema mtoto wake si kichaa. Evode alimwambia kwamba hakuna aliyesema kichaa. Walibishana mpaka mimi nikachoka, nikasema nitampeleka mwenyewe. Hapo kaka akapata haya, akaenda pamoja na mke wake.

Docta hakukimbilia dawa. Aliuliza Elodie alikuwa mtoto wa namna gani tangu mdogo, yukoje nyumbani, yukoje darasani. Alimpima uzito, akasikiliza moyo, akapima presha. Kisha akasema mtoto ana shida ya umakini. Ubongo wake unashindwa kushika jambo moja, na unashindwa kuzuia mwili usirukeruke. Si uvivu. Si malezi mabaya. Si uchawi. Amezaliwa nayo, na kuna watoto wengi duniani walio kama yeye, wavulana na wasichana.

Alimpa dawa inayoitwa metilfenidate. Kidonge kimoja asubuhi akisha kula, kingine saa sita mchana. Jioni hapana, maana itamnyima usingizi. Evode ndiye atakayekuwa akiwapa dawa kila mwezi, na atampima mtoto. Neno la mwisho la docta lilikuwa hili: dawa ni ya Elodie peke yake. Mama Mapasa aliitika kila neno. Aliitika vizuri kabisa, kama mtu aliyeelewa.

Sasa ni lazima niwaambie jambo kuhusu mapasa. Kwetu, kinachopewa mmoja hupewa na mwingine. Nguo moja, kitambaa kimoja. Elodie akinyolewa, Manzi ananyolewa. Elodie akigombezwa, Manzi anagombezwa. Maskini Manzi, tangu azaliwe amegombezwa kwa makosa ya mtu mwingine. Watu wanasema ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa atakwenda, na mmoja akikataa chake, mwenzake atakwenda. Hawasemi atakufa. Wanasema atakwenda.

Kwa Koko hayo si maneno ya kupita. Kabla ya kumzaa Hakorimana na mimi, alizaa mapasa. Mmoja aliugua. Koko alimchinjia kuku akampa mchuzi, yeye peke yake kwa kuwa ndiye alikuwa mgonjwa. Mtoto huyo alikufa. Mwenzake akamfuata mwezi uleule. Tangu siku hizo Koko anaamini kwamba mchuzi ule ndio uliomaliza nyumba yake. Mama Mapasa aliingia katika nyumba hii akiwa msichana, akalishwa hofu hiyo tangu siku ya kwanza ya uzazi wake.

Kwa hiyo alifanya nini na dawa? Mimi wakati ule sikujua, lakini ninyi nawaambia sasa, msije mkasumbuka kama nilivyosumbuka. Alichukua kisu cha vitunguu, akakata kila kidonge katikati. Nusu ya Elodie, nusu ya Manzi. Asubuhi hivyo, saa sita hivyo. Hakumwambia mtu, kwa sababu alijua Evode angemkataza.

Tuliingoja dawa ifanye kazi. Elodie alitulia kidogo tu, kisha mbuzi akarudi jikoni. Kaka yangu alisema tumepewa unga wa chaki. Direkta alituma neno kwamba haoni mabadiliko. Mimi nilimtetea docta mbele ya watu wote, huku moyoni nikianza kumlaani.

Na Manzi, mtoto wetu mtulivu, akaanza kuharibika. Alikataa bugali. Alikataa maharage, chakula anachokipenda. Vidole vilitetemeka akishika kalamu. Alikuwa anamjibu mama yake kwa ukali, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Koko, anayelala naye, alisema mtoto hafumbi macho. Mashavu yake yakaingia ndani. Nilimwambia Mama Mapasa ampeleke kwa Evode. Alisema atampeleka. Siku ikapita. Nikamwambia tena. Akasema ni minyoo.

Koko alikuwa na maelezo yake. Alisema Manzi anaona wivu wa dawa. Dada yake anahudumiwa, yeye anaachwa, basi ameanza kwenda. Maneno hayo yalimwingia Mama Mapasa mpaka kwenye mifupa. Yeye alijua kwamba Manzi anapewa. Basi kwa nini anaharibika? Akaangalia vile vipande vya vidonge, akaona jibu: kisu cha vitunguu hakikati sawa. Kipande kimoja kinakuwa kikubwa, kingine kidogo. Kumbe alikuwa akimdhulumu mtoto.

Akaanza kumpa Manzi kile kikubwa.

Ninapoandika haya, bado nataka kujipiga kichwa ukutani. Kadiri alivyompa ndivyo mtoto alivyozidi kukonda, na kadiri alivyokonda ndivyo alivyompa. Mwishoni, asubuhi ya soko, Mama Mapasa aliamua kumaliza udhalimu wote. Alimpa Elodie kidonge kizima, akampa Manzi kidonge kizima. Manzi hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Mtoto akachukua bido, dumu la maji, akaenda kuteka.

Nilikuwa kwenye meza yangu nikipimia mtu sabuni. Mwanamke mmoja akaja mbio, akasema mtoto wetu ameanguka njiani kutoka kwenye chemchemi. Niliacha meza, makayabo, mteja na sabuni yake. Nilimkuta Manzi chini, maji yamemmwagikia, Mama Mapasa amempakata, anaita jina lake tu. Macho yake yalikuwa wazi. Niliweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia kupita kiasi. Tukasimamisha moto, pikipiki ya abiria, tukampakia katikati yetu, tukaenda kituo cha afya. Koko alitufuata kwa miguu, akimshika Elodie mkono.

Evode alimlaza Manzi, akampima moyo na presha, akamtazama macho. Akauliza mtoto amekula nini. Hakula. Akauliza amekunywa dawa gani. Mama Mapasa akatazama ukuta.

Evode alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa karibu naye. Hakupandisha sauti.

"Mama Mapasa, sikuulize ili nikuchongee. Kama sijue kile alikunywa, naweza kumupatia kintu kitamuumiza zaidi. Alikunywa nini?"

"Ya Elodie," alisema.

"Mara moja?"

"Tangu mwanzo. Nilikuwa nakata nusu. Leo nimemupa mzima." Kisha akageuka, akatutazama mimi na Koko aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Beko mapasa. Mulitaka nifanye nini?"

Maneno niliyoyasema hapo hayaandikwi katika kitabu cha watu wanaojifunza kusoma. Evode aliniacha niyamalize, kisha akaniomba nikatafute uji. Nilienda nikinung'unika, nikarudi na uji wa mtama wenye sukari. Alimnywesha Manzi maji kidogo kidogo, kisha uji. Akampima tena na tena. Alisema hali yake si ya kutisha, moyo unarudi polepole, lakini atakaa hapa kitandani mpaka Evode atakaporidhika naye. Angeendelea hivi, alisema, tungekuja na habari nyingine. Mama Mapasa alikaa sakafuni.

Hapo Evode akatufundisha, na mimi nawafundisha ninyi. Dawa hii inaamsha ile sehemu ya ubongo inayoshika na kuzuia. Kwa Elodie sehemu hiyo imelegea, basi ikiamshwa, mtoto anatulia. Kwa Manzi haijalegea. Hana ugonjwa huo, na hakuna docta aliyempima. Kwake dawa imekimbiza moyo, imefukuza njaa, imefukuza usingizi. Hata kwa mgonjwa mwenyewe inaweza kupunguza hamu ya kula, ndiyo maana anapimwa uzito kila mwezi.

"Muntu wa macho mabovu ukimuvalisha miwani, anaona," alisema. "Wewe wa macho mazima ukiivaa ile miwani, unajikwaa. Na Elodie ulimukatia nusu, haikumutosha. Mumoja umemupa yenye haiko yake, mwengine umemunyima yenye iko yake. Hapo haki iko wapi?"

Koko ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mimi nilimupa mumoja peke yake. Mwengine akaenda. Wewe hukukuwa umezaliwa."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Evode akanizuia kwa mkono. Akamuuliza Koko, kwa heshima, wale watoto waliugua namna gani. Koko alifikiri. Alisema joto kali, macho mekundu, kikohozi, halafu vipele vilivyoanzia usoni vikashuka mwilini. Wa kwanza hivyo, na wa pili hivyohivyo. Alikumbuka kila kitu, kana kwamba ni wiki iliyopita.

"Koko," Evode alisema, "ile ni surua. Inapita kwa kikohozi, inaruka kwa mutoto na mutoto. Hata wangekuwa batoto ya jirani tu, kama wanalala chumba kimoja ingeshika wote. Siku hizi tunaichanja. Zamani zenu chanjo haikufika huku. Muchuzi haukuua muntu."

Koko alitafuta kiti kwa mkono, kama mtu aliye gizani, nikamsogezea. Alikaa. Midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti, na nilijua ni nini. Muchuzi haukuua muntu. Mama yangu alikuwa amebeba kuku yule tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza vipele vilianzia wapi. Hasira yote ilinitoka. Nililia, sioni haya kusema.

Tulidhani Manzi amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Mi sikuitaka ile dawa," alisema kitandani. "Moyo ilikuwa inapiga mubaya. Lakini Koko alisema mumoja akikataa, mwengine anakwenda. Njo maana nilikunywa. Juu ya Elodie."

Wakubwa wote humu ndani, mama, nyanya, shangazi, tulikuwa tumeshughulika na mapasa, mapasa, mapasa. Hakuna aliyemuuliza Manzi anajisikiaje. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameumeza moyo wake kila asubuhi ili dada yake abaki.

Elodie, asiyejua kungoja zamu, alipanda kitandani na viatu vyake.

"Mi siendi fasi yoyote," alimwambia. "Sijaenda. Niko hapa."

Koko alinyoosha mikono, mmoja akamshika Manzi mguu, mwingine akamshika Elodie. Kisha alimwambia Mama Mapasa neno ambalo mimi, wala Evode, wala docta wa Masisi hatungeweza kulisema kwa niaba yake.

"Dawa iko ya musichana. Peke yake. Mimi nimesema, na kama kuna deni ya mapasa, inifuate mimi."

Msidhani mambo yalinyooka palepale. Asubuhi ya kwanza nyumbani, Elodie alimeza kidonge chake kizima, na Mama Mapasa akaanza kumpapasa Manzi kifuani. Koko akampa Manzi kijiko cha asali ya porini ili roho ya mama itulie. Elodie akauliza asali yake iko wapi. Akapewa. Mama Mapasa akasema sasa Elodie ana vitu viwili na Manzi kimoja. Niliwaambia kwamba nikisikia hesabu hiyo tena, asali yote nitaipeleka sokoni. Tukaacha asali. Wote wawili wakala uji kabla ya shule, na Elodie akameza dawa yake, basi.

Evode alikwenda mwenyewe kuongea na direkta. Alimweleza kwamba kidonge hakifundishi kusoma. Kinampa mtoto nafasi ya kusikia, mengine ni kazi ya watu. Elodie akaketishwa mbele. Mwalimu akaanza kumpa zoezi fupi fupi, na kumtuma kufuta ubao anapoanza kuchezacheza miguu. Vidonge tuliviweka katika kopo lenye kifuniko, juu kabisa, mahali ambapo hata mimi napanda kiti. Kijana mmoja wa moto alisikia habari, akamwendea kaka yangu akiomba viwili, apate kuendesha bila kusinzia. Mwingine anayebeba mizigo njia ya machimbo ya Bisie akaomba naye. Kaka yangu, yule aliyesema ni unga wa chaki, aliwafukuza akiwaeleza habari za moyo na presha kama docta.

Nanyi mnaosoma hapa, sikilizeni kwa sababu nimechoka kurudia. Dawa ya mtu mmoja haigawanywi, hata kwa upendo. Usiikate, usiizidishe, usiisimamishe kwa kichwa chako. Ikiisha, au barabara ikifungwa, mwendee muganga umuulize la kufanya. Ukiona mtoto hali, halali, au moyo unamwenda mbio, nenda siku hiyohiyo. Na ukiwa umekosea, sema. Muganga hawezi kutibu usichomwambia.

Mwisho wa trimestri direkta alimwita tena kaka yangu. Alisema Elodie bado anaongea sana, lakini anamaliza mazoezi, na amepita. Atabaki. Kaka yangu aliponiambia alikuwa anajaribu kuficha kicheko, akashindwa.

Jioni hiyo tulikula pamoja uwanjani, bugali na maharage, na sambaza kidogo, dagaa wa ziwani. Elodie alikula chake chote, akasema ameshiba. Manzi alifuta sahani kwa kidole, akainyoosha.

"Mama, naomba tena."

Mama Mapasa alichota mwiko wa maharage. Kwa mazoea akainua macho kuitafuta sahani ya Elodie. Elodie alikuwa amekwisha kuondoka, anamfukuza mbuzi. Mama Mapasa alikaa na mwiko hewani, nami nikamtazama, na Koko akamtazama.

Akaumimina wote kwa Manzi.